Tulichagua Muhuri

Oktoba 2024 mdogo wangu karudi kutoka kujiandikisha kwa uchaguzi wa serikali za mitaa, anajicheka mwenyewe. Alikuwa na uhakika kadi ya mpigakura inatosha, mpaka akaambiwa daftari la mtaa ni lingine, linafungwa tarehe 20 Oktoba, na asipokuwemo humo, tarehe 27 Novemba atawaangalia wenzake tu. Kavua viatu, kauliza: "Dada, sasa mwenyekiti wa mtaa unamwangalia nini? Maana hata kazi yake siijui."

Nikasikia harufu ya mafuta ya chipsi. Na jikoni hapakuwa na mtu.

Mwaka 2014 nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha sita, nashinda nyumbani. Kuhusu mwenyekiti nilijua kitu kimoja: muhuri. Ukipata kazi ya duka, barua ya mtaa. Kufungua akaunti, barua. Ndugu kashikwa, unamwekea dhamana, barua. Na kwetu barua ilikuwa na bei, elfu mbili "ya karatasi na wino", risiti hakuna. Muhuri wenyewe mzee mwenyekiti alitembea nao mfukoni, kauviringisha kwenye rambo. Akienda msibani Kibaha, nao umekwenda msibani.

Mpinzani wake kwenye uchaguzi wa mwaka ule alikuwa muuza chipsi wa pale kona. Siku ya mkutano wake sisi vijana tulikaa nyuma, juu ya matofali ya mtu. Mke wa mwenyekiti naye alikuwepo, eti anapita tu, ndoo ya maji kichwani. Alipita kwa nusu saa nzima amesimama palepale.

Rafiki yangu, yule asiyejua kunong'ona, akanyoosha mkono: "Kaka, wewe ukishinda, barua itakuwa shilingi ngapi?"

Watu wote wakageukia ndoo. Sio mgombea, ndoo. Mama wa watu hakutikisika. Matone mawili yakamtelemka shavuni, hakuyafuta. Kule mbele jamaa akashusha kipaza sauti, akajikuna shingo, akawa kama anahesabu viazi. Halafu akasema bila kipaza sauti, tukalazimika kuinama kumsikia:

"Barabara sitawaahidi, barabara ni ya manispaa. Mshahara wa uenyekiti hakuna, msije mkadanganywa. Barua ni bure. Na muhuri utakaa bandani kwangu. Nafunga saa ngapi, mnajua."

Saa tano usiku. Nani asiyejua? Tulipiga kelele mpaka ndoo ikamwagika.

Mzee mmoja akasubiri tunyamaze. "Sawa mwanangu. Na watu wakigombea mpaka wa kiwanja, utawasuluhisha kwa hiyo mikono ya mafuta?" Tulimzomea. Kila nikikumbuka hilo nasikia aibu, kwa sababu mwaka uliofuata majirani zetu walifikishana mahakamani kwa ukuta wa hatua moja, na jamaa alikuwa anakaanga.

Tarehe 14 Desemba, Jumapili, nikapiga kura yangu ya kwanza. Foleni, jua, jina langu limekosewa herufi moja, ubishi, basi. Alishinda.

Februari nikapata kazi, nikaifuata barua. Kweli ilikuwa bure. Ila palikuwa na wateja, akaniambia, "Kaa kwanza, mdogo wangu," na pale bandani hukai hivihivi huku watu wanatafuta pa kukaa. Nikaagiza chipsi kavu, elfu moja, na soda. Barua ilipigwa muhuri kwenye meza ileile, ikapata doa la mafuta pembeni. Bosi wangu wa kwanza aliinusa kabla hajaisoma.

Mdogo wangu kasikiliza yote, kakunja uso.

"Kwa hiyo alikuwa anakula rushwa ya chipsi?"

"Chipsi nilikula mimi."

"Na soda?"

Soda pia.