Nilivyozunguka bonde la Swale, na ukuta nilioubomoa

"Fuata ukuta tu, huwezi kupotea." Ushauri huo nilipewa na shoga yangu wa Leeds, ambaye baadaye niligundua kwamba yeye mwenyewe huishia kwenye maegesho ya magari. Swaledale, huku Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, kumwambia mtu afuate ukuta ni kama kumwambia mvuvi afuate maji. Kuta ziko kila upande, mawe ya kijivu yaliyopangwa bila chembe ya simenti, zinapanda mlima hadi zinapotelea kwenye ukungu.

Nami mtoto wa Lushoto nikajisemea, vilima hivi vitanifanya nini? Mara ya kwanza, mwezi wa nne, nilianzia kijiji cha Muker kuelekea kitongoji cha Thwaite, miguuni raba (ushauri wa yuleyule). Shamba la tatu au la nne, ukuta wangu ukagonga ukuta mwingine. Kona. Hakuna geti. Kurudi nyuma nikaona aibu, ingawa waliokuwa wananitazama ni kondoo tu, wale wa huku wenye uso mweusi na pua nyeupe kana kwamba wametoka kuiba unga. Nikapanda. Nilipokaa juu kama niko kwenye punda, mawe ya kichwani yakateleza, nami nikayafuata ng'ambo ya pili. Nikainuka, nikaona nimeacha pengo la kupitisha ng'ombe.

Akaja mzee na mbwa wake. Nikajua leo natukanwa. Akauliza kwanza kama nimeumia, kisha akasema, "Haya mpenzi, tuurudishe." (Yorkshire hata dereva wa basi anakuita mpenzi, usijipe moyo.)

Kumbe ukuta si mmoja. Ni kuta mbili zimeegemeana, pana chini, nyembamba juu, na katikati hujazwa vijiwe. Hapa na pale huwekwa jiwe refu linalotoka upande huu hadi ule, ndilo linalozishika zisiachane. Kila jiwe likalie mawili ya chini yake, nyufa zisifuatane. Mimi nilimwaga vijiwe vya katikati kwa viganja, kama ninavyomwaga mchele sufuriani. Mzee akavitoa vyote, kimya, akanisubiri nivipange kimoja kimoja. Mwisho tukasimamisha mawe bapa juu, wima, kama vitabu kwenye rafu. Kucha zangu mbili zilibaki hapo.

Ndipo akanionyesha nilichokikosa: hatua thelathini hivi kutoka kwenye kona kulikuwa na mwanya, mawe mawili yaliyosimama, yameng'aa kwa mapaja ya wapita njia. Mtu anapita, kondoo mnene hapiti. Ujanja wake, ambao sasa najifanya ni wangu, ni huu: ukiwa ndani ya mwanya mmoja, usitoke mpaka macho yameshauona wa pili.

Mwezi wa sita nikarudi, na buti za kweli na ramani ya karatasi, maana simu huko ni tochi tu. Safari hii nilizunguka kinyume. Nyuma ya Muker unapita kwenye majani yaliyojaa maua, na mnaombwa mtembee mmoja mmoja kwa mstari, kwa sababu hayo ndiyo malisho ya kukausha kwa ajili ya baridi. Kwenye mwanya wa pili nilikwama mimi na begi. Vua begi, inua juu, pita ubavu. Hilo hakuna aliyeniambia.

Unavuka mto Swale, unapanda hadi Crackpot Hall, nyumba ya shamba iliyohamwa miaka ya 1950 baada ya ardhi kutitia kwa sababu ya machimbo ya madini ya risasi. Kisha kijiji cha Keld, jina la Waviking, maana yake chemchemi. Kutoka hapo msitu unafunika njia, maporomoko unayasikia kabla ya kuyaona. Zamani, kabla Muker haijapata kanisa mwaka 1580, maiti zilibebwa kwenye vikapu kutoka huku juu hadi kijiji cha Grinton, chini bondeni, kuzikwa. Mimi nilikuwa nalalamikia begi lenye chapati nne.

Thwaite nilikunywa chai na keki, pauni nane au tisa, sikumbuki, ningelipa hata ishirini. Hapo ndipo alipozaliwa Cherry Kearton mwaka 1871, aliyekuja kwetu Afrika Mashariki kupiga filamu za wanyama. Yeye alitoka kwenye kuta hizi kwenda kutazama simba, mimi nimetoka kwetu kuja kutazama kondoo.

Yote ni kama kilomita 12, nilitumia saa sita na ushee. Karibu na Muker nikakitafuta kipande changu. Kimesimama, na jiwe moja nililoligeuza vibaya bado limebinuka. Nikakipiga picha, nikamtumia shoga yangu.

Akajibu: "Si nilikwambia ufuate ukuta?"