Wiki ya msamiati ambayo haikuwa na msamiati

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha nilikabidhiwa darasa la fasihi ya Kiingereza na tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare, vipindi vitano kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Mkuu wa idara alitaka maandalio ya wiki nzima yawe mezani kwake Jumatatu kabla ya kengele, kwa hiyo Jumapili usiku nikakaa na kalamu za rangi tatu na rula, yani nilipiga mistari kama nachora ramani ya nyumba.

Kiukweli nilichofanya ile usiku ni kugawanya kurasa tu. Nikachukua tendo la 3 nikalikata vipande, Jumatatu historia, Jumanne kusoma, Jumatano kusoma tena, Alhamisi msamiati, Ijumaa insha. Kwenye safu ya malengo nikaandika mara tano kwamba mwanafunzi ataelewa. Ataelewa nini, na mi nitajuaje kama kaelewa, hilo halikunipitia kichwani kabisa, nilikuwa busy na rula.

Jumatatu nikaingia na historia yangu. Nikawaeleza tamthilia ni ya 1599, kwamba Shakespeare habari zenyewe alizitoa kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa Ugiriki, kupitia tafsiri ya Thomas North ya 1579, nikaenda mpaka seneti ya Roma na nani alikuwa rafiki wa nani. Vyote kweli, na vyote vikaanguka sakafuni. Safu ya nyuma kuna mtu alilala mpaka akaanza kukoroma. Zikiwa zimebaki kama dakika tatu binti mmoja akanyoosha mkono, nikafurahi, nikajua anataka kuuliza kuhusu seneti. Akasema, "Ticha, nimechungulia mbele nimeona Caesar anauawa katikati ya mchezo, sasa kurasa zote zilizobaki ni za nini?"

Nikamwambia tutafika huko. Mpaka leo hilo jibu linanitia aibu, maana mi mwenyewe nilikuwa sijawahi kujiuliza.

Usiku nikaacha yale maandalio mazuri kwenye mkoba, nikachukua karatasi chakavu, kwenye boksi la Ijumaa nikaandika swali lake vile vile alivyoliuliza. Wakijibu hili Ijumaa wiki imelipa, basi. Sasa ili wajibu wanahitaji wawe wameona nini Alhamisi, na ili waone hicho wanahitaji nini Jumatano, nikawa narudi kinyumenyume hivyo hivyo. Tafsiri ya Nyerere ilikuwa kwenye rafu, Juliasi Kaizari, ile aliyoirekebisha 1969 baada ya kuitoa 1963, nikaisoma kwa sauti peke yangu chumbani, na kuisikia kwa lugha yangu ndiyo iliyonionyesha kwamba Caesar akishakufa kinachopiganiwa ni masikio ya wale watu waliojaa uwanjani. Kurasa zilizobaki ni za hao.

Jumanne basi ikawa ya Brutus peke yake, mmoja wa waliomuua Caesar. Anapanda kuwaeleza watu kwa nini wamemuua Caesar, na anaongea nathari, sio ushairi. Umati unamshangilia, afu mmoja wao anapaza sauti kwamba Brutus ndiye awe Caesar. Nikanyamaza. Ikachukua kama sekunde kumi hivi, mara darasa likaanza kucheka lenyewe, maana mtu kaua ili pasiwe na mfalme na watu wanataka kumfanya yeye ndiye. Historia yangu yote ya Jumatatu ingetosha hapo kwa sentensi mbili.

Jumatano Antony, rafiki wa Caesar. Huyu anaongea kwa mistari ya ushairi, mizani kumi kumi, hakuna vina, na waliozoea kuhesabu 16 za shairi letu walilalamika kwamba hilo sio shairi, tukabishana kidogo tukaendelea. Kijana mwenye sauti nzito akasoma, wengine wote wakawa umati, na nikatoa sharti moja: kila Antony akisema Brutus ni mtu wa heshima, ukiamini bado kaa, ukishaanza kushuku simama. Mara ya kwanza hakusimama mtu. Mara ya pili wawili watatu, wanaangaliana. Ilipofika mara ya nne nusu ya darasa iko wima na hakuna hata mmoja aliyeweza kunionyesha tusi lolote ambalo Antony amemtukana Brutus. Kengele ikalia hata wosia wa Caesar hatujaugusa, mpango wangu mpya nao ukawa umeshachelewa.

Kwa hiyo Alhamisi nikabananisha, wosia na onyesho la 3 kwa pamoja. Kwenye wosia kuna kitu nilikuwa siku zote nakiruka: umati umeshawaka, unataka kukimbia kuchoma nyumba, na Antony ndiye anawaita awakumbushe kwamba wosia wenyewe wameusahau, zile drakma 75, hela ambazo Caesar kamwachia kila mtu, hawajazisikia. Waliwaka kabla ya kusikia hela! Tukabaki hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Afu tukaingia kwa Cinna mshairi, onyesho fupi sana, jamaa anavamiwa barabarani kwa sababu tu jina lake ni sawa na la muuaji mmoja, akijitetea kwamba yeye ni mshairi wanasema basi afe kwa mashairi yake mabaya. Tukaliigiza, meza zimesukumwa ukutani, watu wanapiga kelele, na mlango ukafunguliwa, mkuu wa idara na maandalio yangu ya rangi tatu mkononi.

Ijumaa insha zilikuwa za kawaida tu, nyingi fupi. Yule binti aliandika kwamba kurasa zilizobaki ni za kuonyesha kwamba kumuua mtu ni rahisi kuliko kueleza kwa nini umemuua. Nikaisoma mara mbili.

Mchana nikaitwa ofisini. "Mwalimu, hapa Alhamisi umeandika msamiati, nimekuja nimekuta mnampiga mtu."

Nikamwambia huyo alikuwa mshairi.