Siku moja maishani mwangu: kuiwahi damu ingali hai

Saa 11:00 alfajiri. Naamka Kimara, Dar es Salaam, kungali giza, na jambo la kwanza ninalolifanya baada ya kunawa uso ni kufungua mlango na kutazama mbingu. Mvua ikinyesha usiku kucha, bonde la Jangwani hujaa maji na mabasi ya mwendokasi hushindwa kupita. Jua likichomoza kali, damu nitakayoipokea itasafiri kwenye joto. Yote mawili yananihusu, kwa kuwa kazi yangu maabara ni kufuatilia kimeng'enya kinachoitwa ADAM17, mkasi mdogo wa seli unaokata protini nyingine, nacho hakimsubiri mtu aliyekwama njiani. Leo mbingu ni safi, lakini hewa tayari ni nzito.

Saa 11:50. Basi limejaa na nimesimama, nimeshika bomba. Kila mara ninaposimama hivi huikumbuka seli nyeupe ya damu iitwayo neutrofili, ambayo ndiyo askari wa kwanza kufika mahali penye jeraha au vijidudu. Damu ndani ya mshipa inakwenda kasi, na seli hiyo isipokuwa na kitu cha kushikia itapitishwa mbele ya jeraha bila kushuka. Kwa hiyo juu ya utando wake wa nje ina protini ndefu inayoitwa L-selectini, ambayo sisi kwenye vitabu vyetu vya kumbukumbu huiandika CD62L, na kwa protini hiyo hugusa ukuta wa mshipa, ikashika, ikaachia, ikashika tena, ikawa inabingirika polepole mpaka ipate mahali pa kupenya. Ila abiria asiyeachia bomba hatashuka kituoni. Seli inapopata ishara kwamba imefika, ADAM17 hukata L-selectini karibu kabisa na utando, kama mtu akatavyo embe kwenye kikonyo chake, na kipande kilichokatwa huelea ndani ya damu. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu.

Nashuka kituo cha Fire na kutembea hadi maabara, Upanga.

Saa 1:10 asubuhi. Nawasha mashine, nasoma kipimajoto cha friji na kuandika, najaza barafu kwenye kasha. Sehemu hii ya siku haina simulizi, ingawa siku ninayoiharakisha ndiyo siku ninayoijutia.

Saa 1:40. Nimefika kliniki ambako watu waliojitolea kushiriki kwenye utafiti wetu hutolewa damu. Wa kwanza leo ni mzee mmoja aliyevaa kofia na shati lililopigwa pasi, ambaye amekwisha kusomewa fomu ya ridhaa na kuitia saini. Namwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, babu. Umeamkaje?"

"Salama. Nikuulize kitu. Hii damu ikishanitoka, si ndiyo imekufa?"

Namwambia kwamba bado. Iko hai, seli zake zinaendelea na kazi, na ndiyo maana ananiona nina haraka. Anaitazama chupa yenye kifuniko cha kijani inavyojaa mkononi mwa muuguzi, kisha ananiuliza kwa sauti ya chini, "Sasa inamfanyia nani kazi, na mimi nimebaki hapa?"

Sikuwa na jibu la maana la kumpa pale pale. Niligeuza chupa taratibu mara kadhaa ili damu ichanganyike na dawa ya kuzuia kuganda, kwa sababu kuitikisa kwa nguvu kunatosha kuzishtua neutrofili na kuzifanya zianze kukata protini zao. Nikamuaga, nikaondoka.

Saa 2:05. Naigawa damu ya babu kwenye vijichupa vinne. Cha kwanza kinaingia kwenye barafu mara moja, kwa kuwa baridi hupunguza sana kasi ya kimeng'enya. Cha pili kinakaa kwenye nyuzi joto 37 bila kuguswa. Cha tatu kinakaa kwenye joto hilo hilo pamoja na PMA, kemikali inayoichochea seli kwa nguvu kama vile imekutana na adui. Cha nne kinatangulizwa dawa inayoziba mdomo wa kimeng'enya, halafu ndipo PMA inaongezwa. Katika mdomo huo wa kimeng'enya kuna chembe ya madini ya zinki, na bila zinki hakiwezi kukata kitu. Dawa yetu huing'ang'ania zinki hiyo.

Saa 3:30. Seli zimekwisha kupakwa kingamwili zenye rangi, yaani protini za kinga ambazo hapa huinasa L-selectini, chembe nyekundu zimepasuliwa na kuoshwa, na sasa zinapita moja moja mbele ya leza ya mashine iitwayo saitometa. Kwenye skrini kila kijichupa huchora mlima. Mlima ukiwa upande wa kulia, seli bado zina L-selectini nyingi. Ukihamia kushoto, protini hizo zimepukutika. Mlima wa kijichupa cha barafu uko kulia, mwembamba na mrefu. Mlima wa PMA umehama wote mzima hadi kushoto. Ule wa dawa umebaki karibu na wa barafu. Nimeyaona matokeo ya namna hii mara nyingi, na bado husogeza kiti karibu na skrini, maana ni jambo kubwa kuona kwa macho kwamba kitu kimoja kidogo, kikizibwa, seli inabaki na mikono yake.

Ni mlima wa pili ndio unaonihangaisha: umekaa katikati. Damu ambayo haikuchochewa na chochote, iliyokaa tu kwenye joto la mwili, imepoteza kiasi cha protini zake. Wiki tatu zilizopita sampuli ya mshiriki mmoja ilisahaulika juu ya meza iliyo karibu na dirisha, jua likaipiga kwa muda ambao hakuna aliyeuandika, na tulipoisoma tulikuta neutrofili karibu zote hazina L-selectini. Mshiriki yule alikuwa na homa. Tulikaa siku mbili tukijadiliana jinsi ugonjwa wake ulivyoibadilisha kinga yake, hadi tulipofuatilia saa za kupokea sampuli na kugundua kwamba tulichokuwa tunakijadili ni dirisha letu. Tuliitupa data hiyo, na tangu hapo hakuna kijichupa kinachoingia maabara bila saa ya kutolewa, saa ya kupokelewa na joto la kasha lililokileta. Nalisema hili wazi kwa sababu katika mji wenye joto kama Dar es Salaam kosa hili linaweza kumpata mtafiti yeyote asiyejua kwamba damu iliyo kwenye chupa bado inajikata yenyewe.

Saa 5:00. Kwenye sampuli hiyo hiyo natazama seli za NK, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoambukizwa na zile za saratani. Hizi hutumia protini nyingine ya juu ya utando, CD16, kuinasa kingamwili iliyokwisha kumshika adui. Hii nayo hukatwa na ADAM17. Nilipoanza kazi niliona kitendo hicho ni hasara tupu: kwa nini askari avue silaha katikati ya vita? Mwaka 2018 watafiti wa Manchester, Uingereza, walionyesha kwamba kukata CD16 huisaidia seli ya NK kujinasua kutoka kwa adui aliyekwisha uawa na kumwendea mwingine. Kwa hiyo kukata ni sehemu ya vita vyenyewe. Matokeo hayo yalinibadilisha mno namna ninavyoisoma milima ile, maana mlima uliohamia kushoto unaweza kuwa ni seli iliyochoka, na unaweza kuwa ni seli iliyotoka kazini sasa hivi ikiwa imetimiza wajibu wake.

Saa 7:00 mchana. Tunakula kwa mama lishe aliye nyuma ya jengo, wali na maharage na kipande cha samaki, na mwanafunzi wetu wa mazoezi ananiuliza swali ambalo kila mwanafunzi huliuliza: "Dada, kama kimeng'enya hiki kinaleta uvimbe, kwa nini tusikizime kabisa?"

Swali lake lina msingi. ADAM17 kiligunduliwa mwaka 1997 na makundi mawili ya watafiti wa Marekani yaliyokuwa yakitafuta kitu kinachoikata TNF, protini inayowasha homa na uvimbe. TNF huzaliwa ikiwa imechomekwa kwenye utando wa seli, na ikiwa hapo huweza kuzungumza na jirani anayeigusa tu. Ikikatwa, inaingia kwenye damu na sauti yake inafika mwili mzima. Ndiyo maana waliofikiria kukizima kimeng'enya walikuwa na matumaini makubwa. Namwambia mwanafunzi kwamba kimeng'enya hiki kinatajwa kukata protini zaidi ya 80, na baadhi ya hizo ndizo zinazoiambia ngozi na utumbo vijijenge upya. Panya waliozaliwa bila ADAM17 inayofanya kazi hufa karibu na siku ya kuzaliwa. Mwaka 2011 ilielezwa habari ya ndugu wawili waliozaliwa bila kimeng'enya hiki, na waliishi na vidonda vya ngozi na ugonjwa wa utumbo tangu siku zao za mwanzo.

"Basi tuizibe TNF peke yake," anasema.

Hilo limekwisha fanyika. Infliksimabu ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1998, na dawa za aina hiyo zimewasaidia sana wagonjwa wa baridi yabisi. Lakini TNF hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuvifungia vijidudu vya kifua kikuu ndani ya vijifundo vya mapafu, kwa hiyo mgonjwa anapoanza dawa hizo kifua kikuu kilicholala huweza kuamka, na katika nchi kama yetu, ambako watu wengi wanaishi na vijidudu hivyo bila kuugua, jambo hilo halichukuliwi kwa wepesi. Na huko Gambia, watoto wenye malaria ya ubongo walipopewa kingamwili dhidi ya TNF, homa ilishuka upesi lakini vifo havikupungua, na waliopona wakiwa na athari za mishipa ya fahamu waliongezeka. Mwanafunzi ameacha kula. Namwambia amalize samaki wake, kwani mchana tuna kazi ndefu.

Saa 8:20. Kipimo cha ELISA. Asubuhi tuliona kilichopungua juu ya seli; sasa tunatafuta kipande kilichokatwa ndani ya majimaji ya damu ile ile. Sahani ina vishimo 96, na ndani ya kila kimoja kuna kingamwili inayokisubiri kipande hicho. Tunamimina, tunasubiri, tunaosha, tunarudia. Umeme unakatika katikati ya uoshaji wa pili. Jenereta inaunguruma na kushika, na naandika dakika zilizopotea.

Saa 11:15 jioni. Nadondosha kimiminika cha mwisho na sahani inaanza kugeuka buluu. Vishimo vya kijichupa cha PMA vinakolea kwanza, vya dawa vinabaki hafifu, na vya barafu ni hafifu kuliko vyote. Naongeza asidi ya kusimamisha, buluu inageuka njano papo hapo. Mwanafunzi anainama mpaka pua inakaribia kugusa sahani. Kile kilichotoweka kwenye mlima wa asubuhi kiko hapa, kimeiva njano, hakijaenda popote. Kijichupa cha pili, kile ambacho hakikuchochewa, nacho kina njano yake ya wastani, na naiandika kwa uangalifu zaidi kuliko zote, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayotuambia damu inaweza kusafiri dakika ngapi kutoka kliniki kabla haijaanza kutudanganya.

Saa 12:40. Nimefunga majalada na kumwandikia muuguzi ujumbe: kesho kila chupa iletwe ndani ya kasha la baridi, na dereva asipite kokote njiani. Anajibu kwamba sawa, halafu anaongeza kuwa babu aliuliza kabla ya kuondoka kama ataelezwa kilichoonekana. Namwomba ampigie simu aje wiki ijayo. Nitamchukulia picha ya ile sahani ya njano, na nitamwambia kwamba damu yake, hata ilipokuwa mbali naye, iliendelea kujiandaa kushuka kituoni kana kwamba bado imo mwilini mwake, na kwamba niliiwahi.