Siku moja Wanale: njia ni ya mwenye mzigo

Saa kumi na mbili na robo, nikishamaliza swala ya alfajiri, natoka nje kuutazama mlima. Hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, hakuna anayeweza kuukwepa: ukuta wa Wanale umesimama nyuma ya mji kama ubao mweusi, na mwanga hutokea mgongoni mwake. Ninachotafuta ni nyuzi nyeupe. Mvua ikinyesha huko juu usiku, maji hushuka jabalini kwa michirizi myembamba, na kila mchirizi naujua ulipo. Leo nahesabu mitatu. Ikifika sita huwa nawapigia simu wageni ninaowaongoza mlimani, safari inaahirishwa, hata kama wamekwisha kulipa. Wasemaji wa Kiganda huuita mlima huu Nkokonjeru, yaani kuku mweupe, na ndugu zangu Wamasaba, wenyeji wa milima hii, humtaja Wanale kuwa mmoja wa watoto wa Masaba, babu yao.

Saa moja niko kituo cha boda boda. Wageni wa leo ni mwalimu wa kike na mumewe kutoka Kisumu, na kijana mmoja wa Kampala. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sote wanne. Kabla ya kuulizana habari za safari nimeshaangalia viatu. Vya kijana vina soli iliyolika, laini kama kiganja. Nampa fimbo ya mkaratusi iliyochongwa ncha, namwambia leo fimbo hiyo ndiyo mguu wake wa tatu. Kila mtu abebe lita mbili za maji. Tochi yangu ipo mfukoni hata jua likiwaka vipi.

Saa mbili tunaanza kupanda katikati ya migomba na kahawa. Kahawa ya hapa ni arabika, hupandwa chini ya kivuli cha migomba, na asubuhi majani yake hudondosha umande shingoni. Baada ya nusu saa njia inabana, jabali upande mmoja, bonde upande wa pili. Hapo ndipo ninaposimama na kutoa somo langu moja la siku.

Njia hii hawakuichonga watalii. Imechongwa na miguu ya watu wanaoshusha vitunguu, kabichi, ndizi na kahawa kwenda soko la Mbale, na jioni wakapanda tena na chumvi, sabuni na mabati. Mtu mwenye gunia kichwani haoni miguu yake. Akisimama ghafla mzigo unamvuta. Kwa hiyo ukisikia sauti juu yako, pisha mapema, na upishe upande wa jabali, mgongo ukiegemea mlima. Usisimame kamwe upande wa bonde, kwa sababu gunia likikugusa bega hakuna wa kukudaka.

Tukiwa bado hapo, mama mmoja akatokea kwenye kona, gunia la vitunguu limekaa juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, mkono mmoja tu umeligusa, vidole viwili. Miguu pekupeku. Alikuwa hatembei, anakimbia hatua fupi fupi, magoti yamekunjwa, na kila kidole cha mguu kinashika udongo chenyewe. "Mulembe, mama. Pole na mzigo," nikamwambia. "Mulembe, mwanangu. Wageni wako wapishe vizuri." Akapita. Harufu ya vitunguu vibichi ilibaki njiani muda mrefu. Mwalimu wa Kisumu alimfuata kwa macho mpaka akapotea, kisha akaniuliza gunia lile lina kilo ngapi. Nikamwambia mimi nimewahi kulibeba mara moja, nikalitua kabla ya kona ya pili.

Saa nne tuko kwenye ngazi ya miti iliyoegemezwa jabalini. Mmoja mmoja, uso kwa mwamba. Ukiwa umebandika uso hapo unaona matabaka: jivu la volkano lililoshikana na mawe madogo, juu yake lava ngumu, halafu jivu tena. Wanale ni mkono tu wa Mlima Elgon, volkano iliyozimika zamani sana, yenye kitako cha kilomita kama 80 upana na kilele cha Wagagai chenye mita 4,321. Tabaka la jivu huliwa na maji upesi, lava inabaki imening'inia. Ndiyo maana ukuta huu una maporomoko mengi.

Wengi hudhani juu watakuta pori. Wanakuta shule, makanisa, mashamba na watoto wanaocheza mpira mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari. Pori lenyewe liko mbele zaidi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, ambako ada hulipwa kwa Mamlaka ya Wanyamapori. Siku angavu, kusini unaona Mwamba wa Tororo umechomoza peke yake tambarare.

Saa sita tunakula malewa kwa mama mmoja tuliyezoeana. Ni machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yakapikwa na karanga iliyosagwa, yakaliwa na matoke. Ukitafuna, moshi unakuja kwanza, utamu wa karanga unafuata. Mzee wa nyumba akanivuta pembeni, akanionyesha ufa katika shamba lake, mwembamba, lakini mkono wangu uliingia hadi kifundo. Sikupiga picha. Watu wa milima hii wanajua maana yake: tarehe 1 Machi 2010 ardhi iliporomoka Nametsi, wilaya ya Bududa, ikafukia kijiji. Na Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku, ikaua watu zaidi ya 20 huku Mbale na jirani zake. Nilimwambia mzee aache kulima hapo chini na awaambie majirani. "Nilime wapi?" akaniuliza. Sikuwa na jibu, na swali lile nimeshuka nalo.

Tulipanga kufika pango la Khauka, lenye magogo yaliyogeuka mawe. Saa nane kasoro wingu likakaa juu ya Elgon na upepo ukabadilika ghafla, ukawa baridi. Nikasema tunarudi. Kijana alikasirika waziwazi. Ametoka Kampala, amelipa, pango limebaki mwendo mfupi tu. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, nikarudia: tunarudi.

Mvua ilitukuta chini ya ngazi. Udongo mwekundu ukilowa hunata kwenye soli, kila hatua unaongeza kilo, halafu ghafla unaachia wote kwa pamoja. Mume wa mwalimu aliteleza, akamgonga mkewe, akashikwa na kichaka cha lantana. Kosa lilikuwa langu: niliwaacha washuke wamebanana. Mkono wake ulichubuka, nikausafisha kwa maji ya kunywa nikaufunga. Kuanzia hapo kila mmoja alishuka mwenzake akiwa amesimama. Kijana alikaa nyuma yangu kabisa, fimbo yake akiitanguliza kabla ya mguu, na hakutaja pango tena.

Saa kumi na mbili kasorobo tulikuwa tumefika chini, tumelowa chapachapa. Yule mama wa vitunguu alikuwa ndiyo anaanza kupanda, gunia tupu limefunikwa kichwani, ndani ya kikapu sukari, sabuni na daftari mbili. Kijana wa Kampala ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea, mgongo ukutani. "Mmefika pangoni?" mama akauliza. Nikamwambia hapana. Akatazama juu, njia yake ilikuwa imeanza kufifia. Nikatoa tochi mfukoni nikampa. Kesho akishuka ataiacha kwa muuza chapati pale kituoni.