Binti yangu aliomba simu, nikamnunulia MP3

Likizo ya Juni mwaka jana, mjomba wake binti yangu alikuja kututembelea kutoka Dar na zawadi kwenye bahasha ya kaki. Ilikuwa simu yake ya zamani, simu ya kupangusa, kioo kimepasuka kidogo pembeni lakini inafanya kazi vizuri. Akamwita mwanangu, akamwambia, "Haya mama, hii yako." Mtoto akanitazama mimi kabla hajanyoosha mkono. Alikuwa na miaka 10, yuko darasa la nne, na kwa miezi mitatu alikuwa akiniomba kitu hicho hicho kila anapoona wenzake wameinamia simu za mama zao hapa mtaani kwetu Makorora, Tanga.

Sikutaka kumvunjia kaka yangu heshima mbele ya mtoto. Nikasema ahsante, tutaona. Usiku, bibi yake alipokwisha kulala, nikamwambia kaka kwamba laini sitaiweka. Laini siku hizi inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, mtoto hana, kwa hiyo lolote atakalolifanya litakuwa limefanywa kwa jina langu. Kaka akakubali. Akasema basi iwe ya kusikilizia tu, bila laini haina madhara.

Na mimi niliamini hivyo. Nilidhani simu bila laini ni sawa na redio.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Tulimwekea qasida, tukamwekea Juzuu Amma nzima, ile juzuu ya mwisho ya Qur'ani, maana chuoni, yaani madrasa, walikuwa wanaihifadhi na ustadh alikuwa analalamika kwamba watoto wanasoma mbele yake tu, wakifika nyumbani kimya. Wiki ya pili nikaanza kuona anasoma sura moja, dakika kumi, halafu kimya. Nikienda kuchungulia, yuko kwenye mchezo wa kulinganisha peremende. Wiki ya tatu ndipo nikagundua kwamba kijana wa nyumba ya pili anamfungulia hotispoti, anamgawia intaneti ya simu yake. Hakuwa na nia mbaya, mtoto alimwomba kwa adabu naye akampa. Simu ilikuwa bado na akaunti ya mjomba wake, akaunti ya mtu mzima, kwa hiyo kila kitu kilikuwa wazi. Video moja ikiisha, nyingine inaanza yenyewe. Sijui ni ipi iliyomtisha, hakutaka kuniambia, lakini kwa siku nne alilala kitanda kimoja na bibi yake, taa inawaka.

Sikumpiga wala sikumgombeza. Nilimkalisha jikoni nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza tangu mwezi wa tatu: "Mwanangu, simu unaitakia nini hasa?"

Nilitegemea atasema michezo. Akasema, "Nataka nimsikie baba."

Baba yake ni dereva wa lori. Anabeba mizigo ya bandarini kwetu hapa kwenda Zambia na Kongo: Chalinze, Morogoro, Iringa, Mbeya, mpaka Tunduma, avuke, ashuke hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, na huko foleni ya malori inaweza kumweka siku nyingi asizozipangia. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Kwetu maneno hayo ni ratiba ya nyumba. Akirudi analala siku tatu, anaondoka. Akiwa njiani hupiga saa anayopata mtandao, na mara nyingi ni saa nne au saa tano za usiku, mtoto keshalala. Anachofanya ni kunitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Mimi nausikiliza nikiwa peke yangu, asubuhi mtoto yuko mbioni kwenda shule, jioni yuko chuoni, na ujumbe unabaki kwenye simu yangu unazikwa chini ya picha za vitambaa za wateja. Mimi ni fundi cherehani. Simu yangu ndiyo duka langu, siwezi kumwachia mtoto.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nabishana na kaka juu ya simu, na mtoto hakuwa na shida ya simu. Alikuwa na shida ya sauti mbili: ya baba yake, na ya msomaji wa Qur'ani wa kumfuatisha. Sauti haihitaji kioo.

Kaka alinishauri kwanza nitafute iPod, ile inayofanana na simu lakini haina laini. Nikauliza. Apple waliacha kuzitengeneza Mei 2022, miaka zaidi ya ishirini tangu ile ya kwanza ya 2001, na zinazouzwa sasa ni zilizotumika, hazipati tena mfumo mpya. Halafu ile yenye kioo cha kupangusa nayo inashika Waifai. Ningekuwa nimerudi kwenye hotispoti ya jirani kwa bei kubwa zaidi. Nikataka kitu chenye vitufe, kisichojua intaneti ni nini.

Nilikipata Ngamiani, kwenye duka moja karibu na Barabara ya 12, baada ya kuzunguka nusu siku na baiskeli. Wengi walinionyesha spika za kubebea, zile za kupiga kelele mtaa mzima. Nilipomwambia kijana wa duka nataka MP3 ndogo ya mtoto, yenye kioo cha kuonyesha jina tu, akachimba chini ya meza akatoa kiboksi chenye vumbi. Shilingi 38,000. Ina vitufe vitano, tundu la hedifoni, spika ndogo nyuma, sehemu ya memori kadi, redio, na kinasa sauti. Niliuliza mara mbili: ina Waifai? Haina. Ina bluetuthi? Haina. Nikalipa.

Sasa nieleze nilipokwama, maana mwenzangu yeyote atakayekwenda kununua atakwama hapo hapo.

La kwanza ni kadi. Nilinunua kadi iliyoandikwa GB 128 kwa bei ya kadi ya GB 16, nikajiona nimebahatika. Nyimbo za mwanzo zilicheza, za mwisho zikawa zinakwaruza au hazifunguki kabisa. Kijana anayejaza nyimbo pale Mgandini aliichomeka kwenye kompyuta yake akaniambia hii imedanganywa: ndani ina nafasi ndogo, imechezewa tu ili ijitangaze kubwa, na ukipitisha kiasi chake cha kweli vinavyoingia vinapotea. Isitoshe, pleya yenyewe imeandikwa kwenye boksi kwamba mwisho wake ni GB 32. Nikanunua ya GB 16 halali. Na inatosha kabisa. Sauti ya MP3 ya kawaida, ile ya kilobiti 128, inakula takriban megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo GB 16 ni zaidi ya saa 250. Mtoto wa miaka 10 hawezi kuzimaliza.

La pili lilinitoa jasho. Juzuu Amma ina sura 37, kuanzia An-Naba ambayo ni ya 78 hadi An-Nas ya 114, na chuoni wanaanza kuhifadhi kutoka mwisho kurudi nyuma. Nilitaka pleya icheze hivyo: An-Nas, Al-Falaq, Al-Ikhlas, kwenda juu. Nikazipa majina kwa namba, 01, 02, 03, kwa utulivu kabisa. Pleya ikazicheza ovyo. Nikabadilisha majina, bado. Kumbe pleya nyingi za bei ndogo hazisomi jina wala namba, zinafuata mpangilio ule ule ambao mafaili yalinakiliwa kwenye kadi. Ukiyabeba yote kwa mkupuo, kompyuta inaweza kuyapanga inavyotaka yenyewe. Dawa yake ni kufuta kadi yote na kunakili faili moja moja kwa zamu. Nilikaa kwenye kiti cha yule kijana saa nzima, sura baada ya sura, yeye akihudumia wateja wengine upande wa pili. Hakunitoza zaidi. Mungu amzidishie.

La tatu ndilo lenye maana kuliko yote, nalo ni sauti ya baba yake. Nilihamisha ujumbe wake wote kutoka kwenye simu yangu, thelathini na kitu, nikauweka kwenye kabrasha lenye jina BABA. Pleya ikaonyesha kabrasha tupu. Nikarudi tena Mgandini. Kijana akanieleza kwamba ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauhifadhiwi kama MP3, uko kwenye umbo linaloitwa Opus, na kipleya hiki hakilijui. Akaugeuza wote kuwa MP3 kwa programu ya bure kwenye kompyuta yake, kazi isiyofika dakika kumi. Siku hizi nafanya mwenyewe kwenye simu yangu kila Ijumaa kabla sijaanza kushona.

Nilipompa mume wangu habari hii kwa simu, alinyamaza kidogo. Tangu siku hiyo akaanza kurekodi kwa makusudi. Kwanza ilikuwa salamu tu, "mwanangu nimefika Makambako, baridi kali." Baadaye, siku alizokwama kwenye foleni ya mpakani, akaanza kumsimulia hadithi za sungura na fisi alizopewa na mama yake, yuko ndani ya kabini, injini za wenzake zinasikika kwa mbali. Nyingine anaikatiza katikati, anasema, "Foleni imesogea, nitamalizia kesho." Mtoto analala na hiyo. Bibi yake naye anasogeza kiti karibu, anajifanya anachambua mchele, kumbe anasikiliza kama mwanawe anazisimulia hadithi vile vile alivyomfundisha. Akikosea, bibi anamsahihisha mjukuu hapo hapo: "Si fisi aliyeingia kwanza, ni sungura."

Kwa upande wa kuhifadhi, pleya ina kitufe ambacho kwenye simu sikukiona: unabonyeza mwanzo wa kipande, unabonyeza mwisho wake, nayo inarudia hapo hapo bila kuchoka mpaka uizime. Aya ngumu mtoto anairudia mara ishirini huku anaosha vyombo. Kioo hakina kitu cha kumwita, kinazima baada ya sekunde chache. Ustadh aliniuliza mwezi wa tisa nimemfanyia nini.

Jambo la masikio sikulifikiria mapema, na nalijutia. Nashona sebuleni, cherehani inapiga kelele, mtoto amekaa karibu yangu na hedifoni, na kila ninapoanza kukanyaga anaongeza sauti. Siku moja nilimwita mara nne hakusikia, nikaisikia mimi ile qasida kutoka kwenye masikio yake. Nikaenda kusoma. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unasema mtoto asizidishe desibeli 75, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa 40 za wiki, wakati mtu mzima kiwango chake ni 80. Pleya haionyeshi desibeli. Lakini ina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti kwenye mipangilio, nikakiweka 12 kati ya 30, na tukakubaliana kwamba nikiwa nashona atahamia barazani. Nyumbani anatumia spika ya nyuma zaidi, hedifoni ni za safarini na za redio. Redio haishiki bila hedifoni, waya wake ndio unaofanya kazi ya antena. Bibi alidhani imeharibika akataka kuitupa.

Simu ya kaka nilimrudishia. Nilihofia atakasirika. Alisema tu kwamba Dar watoto wote wanazo, na mimi nikamwambia kaka, Dar mnajuana huko. Tukacheka, yakaisha. Simkatalii binti yangu simu milele. Akifika sekondari, akawa na kazi nayo, tutakaa tena jikoni na nitamuuliza swali lile lile.

Kinasa sauti sikukitilia maanani nilipokuwa nanunua. Mwezi uliopita binti alikuja na pleya mkononi akasema amejirekodi akisoma An-Naba yote, kichwani, bila msahafu, anataka baba aisikie. Aya arobaini. Niliigeuza, nikaiweka kwenye fleshi, baba yake akaichomeka kwenye redio ya lori alfajiri anaondoka.

Alipiga simu kutoka Tunduma, safari hii mapema, saa moja ya jioni, akaomba aongee na mtoto. Nikaweka sauti ya nje. Akamwambia ameirudia tangu Mikumi, na wenzake wawili wameinakili. Kisha akasema, "Lakini katikati pale, mama, kuna cherehani inapiga kelele, aya mbili sikuzisikia."

Mtoto akanigeukia.

Nikatoa mguu kwenye kanyagio, nikafunga mlango wa mbele, na bibi akazima redio yake. Akaanza upya.