Saa 10 ya nani?

Wazee wanne walifika kiwanjani saa 4 asubuhi, wakakaa chini ya mwembe kungoja mkutano wa kampeni. Mgombea mwenyewe saa hiyo yuko shamba Vitongoji, anasimamia wachumaji karafuu wake, hana habari. Mkutano ulikuwa jioni. Mzee mmoja akanipigia simu mie: "Mwanangu, huo mkutano upo, au ndiyo tunafundishwa subira?"

Alijua pa kupiga. Tovuti ya mgombea niliitengeneza mie, na kosa lilikuwa langu.

Nina kiduka cha kutoa fotokopi na kupiga picha za vitambulisho hapa Machomane, Chake Chake. Usiku, duka likifungwa, natengeneza tovuti. Kampeni za 2025 walinijia wagombea udiwani watatu, kila mmoja na chama chake, na vyama sivitaji kwa sababu Pemba ni ndogo na mie bado nauza karatasi kwa watu wote. Bei ilikuwa moja kwa wote watatu. Aliyetaka kupunguziwa kwa kuwa ni jamaa, nilimwambia jamaa ndiyo walionimaliza.

Mgombea yule aliyekuwa kwenye karafuu ni mwalimu mstaafu, kila mtu anamwita Maalim, nami hivyo hivyo. Aliniandikia ratiba kwenye karatasi ya daftari: "Saa 10, kiwanjani." Mie siku hiyo nimetoka kuongeza kitu kipya ninachojivunia, kitufe cha "Niweke kwenye kalenda". Unakibonyeza, simu yako inaweka mkutano na kukukumbusha nusu saa kabla. Nikaandika 10:00. Kwa simu, 10:00 ni saa 4 asubuhi yetu. Kitufe kikafanya kazi yake vizuri mno, kikalia kwenye mifuko ya wazee wa watu saa 3 na nusu.

Sasa nimekibadilisha. Mgombea anachagua kwanza asubuhi, mchana, jioni au usiku, halafu anaandika saa kwa Kiswahili, na hesabu ya saa 6 inafanywa na programu yenyewe. Ukurasani panasomeka "saa 10 jioni, baada ya sala ya Alasiri", na nadhani hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoleta watu. Bado nilikwama kwenye siku. Mzee wa huku akikwambia "usiku wa Ijumaa" anakusudia Alhamisi baada ya Magharibi, na kijana wake mwenye simu anaelewa Ijumaa usiku. Siku hizi naandika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa", hata ikionekana ndefu.

Aibu ya pili ilikuwa ya picha. Ukituma linki WhatsApp hutokea kile kijisanduku chenye picha na kichwa cha habari. Nilikuwa nimenunua kiolezo cha tovuti kilichotengenezwa Ulaya, nikabadilisha kila kitu kasoro mstari mmoja uliojificha kichwani mwa ukurasa, ule unaoiambia WhatsApp ichukue picha gani. Mgombea wangu wa Mkoani akatuma linki yake kwenye magurupu kama kumi hivi. Ikatokea picha ya Mzungu wa makamo, suti na tai, anacheka, na chini yake jina la mgombea wetu na neno "Chaguo la wadi yako". Nilirekebisha ndani ya dakika tano, lakini ujumbe ulioshatumwa unabaki na picha yake ile ile. Mpaka leo wako wanaomwita "Mzungu wetu", na ameshazoea kuitika.

Vitu wanavyovitaka wagombea wenyewe ni vyengine kabisa. Wote watatu walitaka saa ya kuhesabu siku zilizobaki hadi 29 Oktoba, na wote walitaka wimbo uanze wenyewe ukurasa ukifunguka. Saa niliwapa, haina madhara. Wimbo niliukataa. Wimbo wa dakika 3 ni karibu megabaiti 3, na hiyo megabaiti inatoka kwenye bando la mtu aliyefungua kutaka kujua mkutano ni wapi. Mtu yuko msikitini, au kazini, ngoma inalia mfukoni! Picha pia: mgombea ananiletea picha za simu ya mwanawe, moja megabaiti 4, anataka kumi na mbili ukurasa wa mwanzo. Nazikamua mpaka kila moja inakuwa kilobaiti 60 au 70, naye hajui kama nimezigusa.

Nilichokiweka badala ya wimbo ni sauti. Maalim alisoma sera zake mwenyewe, nyuma ya duka langu, tumefunga feni isisikike, kila hoja dakika 2. Ukiirekodi kwa ubora mdogo unaotosha sauti ya mtu, dakika 2 haifiki nusu megabaiti, na hailii mpaka uibonyeze. Niliifanya kwa kumfikiria bibi yangu, ambaye Kiswahili anakisoma kwa herufi za Kiarabu na hizi za skuli hazimwendei haraka. Alisikiliza yote, akasema Maalim anavuta maneno kama yumo darasani. Ndiyo maoni pekee aliyoyatoa.

Mmoja wao alitaka ukuta wa wanaomuunga mkono: jina kamili, picha, shehia. Ameuona kwenye tovuti za nje na kwao ni jambo la kawaida. Hapo tulivutana kweli. Baada ya uchaguzi wa 1995 palikuwa na vijiji huku watu wakisusiana maduka, harusi, hata maziko, na ilichukua maridhiano ya 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010 watu kuanza kupumua. Ziko nyumba mpaka leo baba na mwana hawaulizani kura. Nije mie na kitufe cha kijani niwaorodheshe? Nikamtajia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ingawa ukweli sheria haikuwa ndiyo iliyonitia hofu. Tukaishia kuweka namba tu ya waliobonyeza "Niko nawe", bila majina. Alinuna siku mbili.

Ukurasa uliofunguliwa sana kwa wote watatu haukumtaja mgombea yeyote. Ni ule niliochora humo karatasi za kura. Sisi Zanzibar tunapewa 5: Rais wa Muungano, Mbunge, Rais wa Zanzibar, Mwakilishi, na Diwani. Nilieleza kila moja ni ya nani na inasimamiwa na tume ipi. Basi.

Kisha kuna sehemu ya ahadi. Kila ahadi ina tarehe iliyotolewa, shehia inayohusika, na hali yake: haijaanza, inaendelea, imekamilika, imeshindikana. Ya maji na umeme nimewakataza wasiahidi kama yao. Pembeni nimeandika kwamba maji ni ZAWA, umeme ni ZECO, na diwani kazi yake ni kusema barazani na kufuatilia. Taka, mitaro, soko, hayo waahidi na wajibebe. Neno "imeshindikana" hakulitaka hata mmoja. Nililiweka lakini na nafasi ya kuandika sababu, nikawaambia wakilikosa hilo, watu watatumia neno jengine baya zaidi, la kwenye baraza la kahawa.

Kati ya watatu alishinda mmoja tu, Mzungu wetu. Wiki iliyopita kanipigia, baada ya salamu ndefu na kuniulizia bibi.

"Mwanangu, pale kwenye mtaro wa sokoni, hilo neno 'haijaanza' mbona jekundu?"

"Yote ambayo hayajaanza mekundu, mjomba."

"Huwezi kulipaka rangi nyengine? Hata njano."

"Njano ni inayoendelea. Mtaro umeanza?"

Kimya. Nikasikia pikipiki inapita upande wake.

"Kesho nakuja hapo dukani tuzungumze," akasema.

Hajaja bado.