Swali la Nyuma ya Pazia

Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha vuliwa shati. Muuguzi alikuwa amenisafisha ubavu wa kulia na kuweka alama ya kalamu kati ya mbavu mbili, pale ambapo sindano ingepita kunyofoa kipande cha ini kikapimwe. Fomu ya ridhaa nimeshatia saini, tumbo tupu tangu usiku. Nikaomba ruhusa niende msalani kwanza. Ile safari fupi ya msalani ndiyo iliyobadilisha mambo yote.

Niseme kwanza nilifikaje pale. Miezi mitano nilikuwa na homa za jioni zinazokuja na kuondoka, misuli inauma kama nimebeba mizigo, na kilo 9 zimeshuka bila mimi kupunguza chakula. Vipimo vya damu vilionyesha vimeng'enya vya ini viko juu, na tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa ini, basi. Homa ya ini ya A, B na C, zote hasi. Altrasaundi haikuona kitu. Likabaki swali moja nililoulizwa na watu wasiopungua sita: "Unakunywa?" Sinywi. Sijawahi. Lakini kila nilipojibu hivyo niliona kalamu ya mwulizaji ikisita kidogo kabla ya kuandika. Mwishowe hata dada yangu akaanza kunusa vikombe vyangu. Alidhani simwoni.

Narudi kwenye msalani. Wakati natoka, daktari mmoja wa kike alikuwa amesimama kwenye kitanda cha jirani yangu, mzee wa baridi yabisi. Hakuwa daktari wangu. Aligeuka kwa sababu ya mlio: mguu wangu wa kushoto ulikuwa unapiga sakafu, paa, paa, na ndala ikinichomoka kila hatua ya tatu.

"Kaka, huo mguu una muda gani hivyo?"

Nikamwambia wiki tatu hivi, ni udhaifu tu. Akaniketisha, akaniambia niinue kidole gumba na wayo bila kuinua kisigino. Mguu wa kulia uliinuka. Wa kushoto niliuamrisha, haukunisikia. Akatazama mapaja yangu kwa kurunzi na kuonyesha alama hafifu zilizotandaa kama wavu, ambazo mimi nilidhani ni ngozi tu imekauka. Akaniuliza presha yangu. Namba ya chini ilikuwa haishuki chini ya 100, na kila mtu alisema ni woga wa hospitali.

Halafu akavuta pazia, akashusha sauti. "Na korodani? Zimewahi kukuuma?"

Nilitazama dari. Ndiyo, ziliuma. Mwezi wa pili wa ugonjwa, wiki mbili nzima, hadi nilikuwa nalala kwa kujikunja. Nilimeza dawa za maumivu na kunyamaza. Mke wangu hakujua, madaktari hawakujua. Nilijiambia kwamba hayo hayahusiani na ini, lakini ukweli ni kwamba niliona haya.

Alitoka haraka. Nikamsikia koridoni akibishana na daktari wa ini, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma: msimchome kabla hatujaona mishipa yake. Muuguzi akarudi na kuniambia nivae shati. Unajua nilihisi nini? Hasira. Nimefunga bure!

Kesho yake nilifanyiwa anjiografia. Mrija mwembamba ukaingizwa kwenye ateri ya kinena, rangi ya kuonyesha mishipa ikamiminwa, na joto likanitambaa tumboni. Kwenye skrini ateri za ini zilitokea kama matawi ya mti. Matawi hayakuwa laini. Hapa yamebana, pale yametuna vijipuvu kama shanga, vimeenea ndani ya ini, na vingine kwenye figo na utumbo. Daktari alinigusia kimoja kwa ncha ya kalamu. "Sindano ingepasua hiki, ungevujia damu kwa ndani." Hasira yangu ya jana iliisha palepale.

Alinieleza kwamba kinga ya mwili imegeuka kushambulia kuta za ateri za ukubwa wa kati. Ukuta ukivimba njia ya damu inabana, ukidhoofika unatuna, na kiungo kinachokosa damu ndicho kinacholalamika: ini langu, figo, neva ya mguu, na hizo nyingine. Jina lake poliateritisi nodosa. Nodosa ni yenye mafundo, kwa kuwa Wajerumani wawili, Kussmaul na Maier, walioueleza mwaka 1866, waliyaona mafundo hayo kwa macho kwenye mishipa ya kijana wa miaka 27 baada ya kufa kwake. Nilimwambia hiyo sehemu ya mwisho angeiacha.

Kipimo cha homa ya ini B alikirudia kwa njia nyingine, kwani virusi hivyo vinaweza kuuwasha ugonjwa huu, na mgonjwa mwenye navyo hutibiwa kwa njia tofauti. Hasi tena. Kipimo cha ANCA, ambacho husaidia kutambua magonjwa mengine ya mishipa, nacho hasi, kama alivyotarajia. Mwisho akataka ushahidi wa hadubini, lakini si kutoka kwenye ini. Walinikata kipande cha neva na cha msuli karibu na kifundo cha mguu, na ndani yake ateri ndogo ikakutwa imevimba, sehemu ya ukuta wake imekufa.

Kisha dawa za kutuliza kinga: prednisoloni ya dozi kubwa ilinipa uso wa mviringo na usiku usio na usingizi, saiklofosfamaidi ikanipa kichefuchefu. Vimeng'enya vya ini vilishuka kabla mguu haujaanza kuinuka. Dada yangu hakuniomba radhi kuhusu vikombe, ila alihamia kwangu wiki nzima kunipikia.

Mahali walipochukua ile neva pameacha ganzi kwenye ukingo wa nje wa wayo, upana wa vidole viwili. Mchanga ukiingia kwenye kiatu upande huo sihisi. Huwa nakivua, nakikung'uta, natazama.